Mrejesho: nyufa za lami baada ya theluji

Wakuu, kabla ya baridi niliuliza namna ya kuokoa lami ya njia ya gari nyumbani, ilikuwa imejaa nyufa. Theluji imeyeyuka, narudi na majibu.

Mlioniambia nizibe nyufa kwanza mlikuwa sahihi kabisa. Nilifagia, nikang'oa magugu kwa bisibisi, nikaacha pakauke, kisha nikamimina kijazio cha lami siku yenye joto zaidi ya nyuzi 10. Maji yanayoingia kwenye nyufa yakiganda hutanuka takriban asilimia 9, ndiyo yanayopasua lami. Ufa mmoja karibu na mfereji niliuruka, sikuuziba. Sasa ni shimo la kuingia ngumi, kingo zinamomonyoka ukizigusa kwa kidole. Zilizozibwa zote ziko salama. Asanteni sana, ndugu zangu.