Naomba ushauri: asili ya "the whole nine yards"

Wakuu, naomba msaada kuhusu msemo huu wa Kiingereza (neno kwa neno, "yadi tisa zote"), wenye maana ya kitu chote bila kubakiza. Ile hadithi kwamba ulitokana na mkanda wa risasi wa yadi tisa wa ndege za Vita Kuu ya Pili haisimami: gazeti la Mitchell Commercial la Indiana, Marekani, liliandika "the full nine yards" mwaka 1907. Katika gazeti la Kentucky, jimbo jingine la huko, mwaka 1912, zilikuwa yadi sita ("six")! Kwangu, namba inayobadilika hivyo ni dalili kwamba hakuna kitu halisi kilichopimwa.

Mwenye mfano wa kabla ya 1907 naomba aweke gazeti, tarehe na picha ya ukurasa, kwa sababu kompyuta husoma vibaya herufi za magazeti yaliyochakaa. Tafuteni "full" na "six" pia. Ukitafuta "whole nine" tu, mifano ya zamani inakupita. Je, nianzie hazina ipi ya magazeti?