Slaidi 22 za viazi mviringo ziwe video yenye sauti: PowerPoint, OBS au ffmpeg?

Mdau_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Kuna slaidi 22 za somo la ugonjwa wa bakajani chelewa kwenye viazi mviringo. Zinatakiwa ziwe video yenye maelezo ya sauti, kama dakika 14 hivi. Wapokeaji ni vikundi vya wakulima wa Umalila na Makete, njia ni WhatsApp, na bando wanalonunua ni dogo. Kompyuta ina RAM ya GB 4, Windows 10 na PowerPoint 2016. Njia ipi haina usumbufu?

Fundi_Kihesa
Ukiwa na PowerPoint 2016, usihangaike mbali. Fungua Slide Show, bonyeza Record Slide Show, rekodi. Ukimaliza nenda File, Export, Create a Video, chagua Use Recorded Timings and Narrations, ukubwa 1280 x 720, kisha hifadhi kama MP4.

Uzuri wake ni kwamba sauti inakaa slaidi kwa slaidi. Kila slaidi inabeba kialama chake cha spika pembeni, kwa hiyo kosa la slaidi ya 9 halikulazimishi kurudia zote.

Yanayowaangusha watu ni mawili. La kwanza, PowerPoint hairekodi sauti wakati slaidi inapishana na nyingine. Ukibonyeza mbele huku bado unaongea, silabi za mwisho zinamezwa. Maliza sentensi, nyamaza sekunde moja, bonyeza, subiri slaidi itulie, ndipo uendelee. La pili, slaidi uliyoiruka bila kuirekodi itapewa sekunde 5 za kimyakimya, kwa sababu ndicho kiwango kilichowekwa tayari.

Na kabla ya yote, hakikisha slaidi ni 16:9, yaani umbo pana. Zile za 4:3, zinazokaribia mraba, zinaleta nguzo mbili nyeusi kushoto na kulia. Ukizibadilisha baada ya kurekodi, maandishi na picha vinahama na kazi inaanza upya.

Nyanda_za_Juu
Mimi nasimama na OBS, programu ya kurekodi skrini. Inachukua chochote kilicho kwenye skrini: mshale wako, video iliyo ndani ya slaidi, hata ukitoka ukafungua ramani au jedwali la Excel. PowerPoint haikupi hilo kirahisi.

Kwa kompyuta ya GB 4 punguza mzigo: Settings, Video, Output iwe 1280x720 na FPS (fremu kwa sekunde) iwe 10. Slaidi hazikimbii, fremu 10 zinatosha kabisa. Sauti yako icheze kwenye eneo la njano la kipimo. Ikigonga nyekundu kila neno, shusha.

Rekodi kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, usirekodi MP4 ya kawaida. MP4 huandika orodha yake ya fremu mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika na betri ni mbovu, faili zima halifunguki. MKV inabaki na kila kilichorekodiwa hadi pale. Baadaye ingia File, Remux Recordings, unapata MP4 kwa sekunde chache bila kupoteza ubora.

Skrini ikitokea nyeusi kwenye Display Capture (chanzo cha OBS kinachorekodi skrini nzima), mara nyingi ni kompyuta yenye kadi mbili za picha. Nenda kwenye mipangilio ya Graphics ya Windows, iambie OBS itumie ile ya kuokoa umeme.

Fundi_Kihesa
Hoja ya MKV naikubali, mkuu. Ila kwa dakika 14 mfululizo, ukikohoa dakika ya 11 unafanyaje? Utalazimika kukatakata kwenye programu nyingine. Somo hili ni picha na maelezo tu, OBS ni trekta la kulimia bustani ya mchicha.

Bati_la_Tukuyu
Mnabishania programu wakati kinachoharibu video nyingi za huku ni paa la bati. Mvua ikianza, hakuna kichujio kitakachokuokoa. Noise Reduction ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, inaondoa mlio usiobadilika, kama feni au friji. Mvua hupanda na kushuka, ukiilazimisha sauti inatoka kama mtu anaongea ndani ya debe.

Rekodi alfajiri au usiku uliotulia, chumba chenye kitanda na mapazia, blanketi juu ya meza. Maiki ya hedifoni za simu inatosha, ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili herufi P na B zisipulize. Acha sekunde 3 za ukimya mwanzoni, ndizo Audacity inazotumia kujifunza kelele. Kwenye Noise Reduction punguza dB 12, usizidishe.

Terminal_Makambako
Kama hauna PowerPoint, LibreOffice Impress (programu nyingine ya slaidi) haina kitufe cha kutoa video. Toa PDF, halafu geuza kila ukurasa kuwa picha kwa amri hii:

pdftoppm -png -scale-to-x 1920 -scale-to-y 1080 somo.pdf s

Rekodi sauti ya kila slaidi kama faili lake, kisha unganisha picha na sauti moja moja kwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za kuandika:

ffmpeg -loop 1 -i s-01.png -i 01.wav -c:v libx264 -tune stillimage -pix_fmt yuv420p -c:a aac -ar 48000 -ac 1 -shortest 01.mp4

Andika majina ya vipande kwenye orodha.txt, kila mstari ukiwa file '01.mp4', file '02.mp4' na kuendelea:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy somo.mp4

Msisahau yuv420p (mpangilio wa rangi), bila hiyo simu nyingi zinatoa sauti bila picha. Wala -ar 48000 (sampuli za sauti kwa sekunde): kipande kimoja kikiwa 44100 na vingine 48000, sauti inaanza kuachana na picha kuanzia hapo. Kingine, PDF inaua uhuishaji. Slaidi yenye nukta nne zinazotokea moja baada ya nyingine, igawe iwe kurasa nne.

Mdau_Uyole
Asanteni sana. Naona PowerPoint itafaa. Je, kupunguza MB? Nikichagua ile ya ukubwa wa 480 inakuwa nyepesi, tatizo ni picha za majani.

Terminal_Makambako
Usichague 480. Ule utando mweupe chini ya jani ndio somo lenyewe, na utageuka kuwa ukungu wa kijivu tu. Toa 720 kisha ibane:

ffmpeg -i somo.mp4 -r 10 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac -b:a 48k -ac 1 ndogo.mp4

Kwa dakika 14, sauti ya 48k inakula kama MB 5. Picha zilizotulia haziongezi sana. Madoa yakififia, shusha crf (kiwango cha kubana) hadi 25. Itume WhatsApp kama Document. Ukiituma kama video ya kawaida, inabanwa tena na kazi yote imepotea.

Bati_la_Tukuyu
Na herufi zisipungue saizi 28. Watu wanatazama kwenye simu ya kiganjani, tena juani.

Mdau_Uyole
Swali la mwisho: kurudia slaidi ya 9 pekee?

Fundi_Kihesa
Simama kwenye slaidi ya 9, Record Slide Show, Record from Current Slide. Ukimaliza bonyeza Esc ukiwa bado kwenye hiyo 9. Ukisogea mpaka ya 10, sauti ya 10 inafutwa na kuandikwa upya.

Mdau_Uyole
Nimeelewa.