Huyu mpanga foleni wa kituo chetu cha kura ana nini na mimi?

Kijana Bado (mleta uzi)

Wakuu, naandika wino bado mbichi kidoleni, nusu yake nimeshaupaka kwenye kioo cha simu kwa hasira.

Mnamjua. Yule wa kizibao cha kung'aa, sauti ya mnadani, kila uchaguzi yupo pale mlangoni kama amejengewa. Simtaji. Aliyewahi kupiga kura pale ameshaelewa.

Nimefika kituo hakijafunguliwa. Nikapanga mstari kama raia mwema. Jua likapanda, kivuli kikatuhama, mimi nipo, miguu inaota mizizi. Sikunung'unika. Ndipo bwana mkubwa akaanza kuupitia mstari akiwatoa wa kutangulia. Mjamzito, sawa. Mama mwenye kichanga, sawa. Jamaa wa magongo, sawa kabisa. Akafika kwangu. Akasimama. Akanikazia macho kidevuni. Kisha kwa sauti ileile ya mnadani:

"Mzee, wewe usiteseke, njoo huku mbele."

Mzee. MIMI. Nina miaka 39!

Nikageuka nikidhani anasema na wa nyuma. Na kweli nyuma yangu yupo mzee halisi, na fimbo yake, mgongo umepinda, huyo hakuonwa! Nikajua sasa atanitetea. Ananishika bega: "Twende, mzee mwenzangu."

Mvi ninazo tatu. Tatu, nimezihesabu tena sasa hivi. Foleni nzima ilicheka mpaka wakala wa chama aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi akatoa kichwa dirishani kunitazama.

Ndani nako, karani kaweka rula kwenye daftari, kateremka jina kwa jina, kafika kwangu. Katazama mwaka wa kuzaliwa. Kanitazama. Kaurudia mwaka. Hakusema neno. Heri angesema.

"Usiteseke." Nani kamwambia nateseka? Watu wa namna hii waondolewe vituoni, sina hoja nyingine. Nawasilisha.

Mkia wa Foleni

Pole mkuu. Swali moja tu: ulienda mbele au hukwenda?

Kijana Bado

Hilo siyo la msingi.

Mkia wa Foleni

Kaenda huyu!

Nyayo Zinauma

Yaani umemaliza dakika tano, sisi tumetoka saa kumi jioni tukiwa tumekauka kama dagaa, na wewe ndiye mwenye uzi wa malalamiko? Shikamoo.

Herufi Mbaya

Afadhali wewe umeitwa. Mimi nimesimama saa tatu nzima, nafika mezani naambiwa huu mstari ni wa A mpaka K. Jina langu linaanza na M. Tangazo lilikuwepo ukutani, ndiyo, kwa maandishi ya sisimizi, na aliyeegemea ukuta kaliziba na mgongo. Nikaanza upya. Na mpanga foleni ni huyohuyo wa kizibao, nilimuuliza asubuhi akasema "simama popote mama".

Kijana Bado

Umeona! Wewe kakuita mama, mimi kaniita MZEE.

Herufi Mbaya

Mimi ni mama.

Kidole Cheusi

Mleta uzi, hebu tuongee habari ya wino. Ule una nitrati ya fedha, ukipigwa na mwanga ndiyo unazidi kuiva. Wahindi wanautumia tangu 1962. Kwenye ngozi utaisha pole pole, kwenye kucha subiri kucha iote. Usijisumbue kusugua.

Nyayo Zinauma

Wangu umetoka kwa sabuni ya kawaida, mara moja.

Kidole Cheusi

Basi walikupaka wino wa muhuri.

Nyayo Zinauma

Kwa hiyo mimi sikupiga kura?

Kidole Cheusi

Sijasema hivyo. Ila sabuni? Hapana.

Wa Mwisho

Mnacheza nyie. Mimi nilifika dakika za mwisho, wakasema aliyekwisha kuwa kwenye mstari atapiga kura, ambayo ndiyo haki. Ila ili asiongezeke mtu wakamsimamisha askari nyuma ya mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho nilikuwa mimi. Saa mbili napumuliwa kisogoni. Nikisogea anasogea. Nikachuchumaa kufunga kamba za viatu, kachungulia.

Mkia wa Foleni

Huyo ndiye angefungua uzi.

Tiki Imevuka

Na kalamu je? Kalamu ya kibandani imefungwa kamba fupi kama ya mbuzi wa kukopwa. Nimeinama mpaka pua imegusa karatasi, kuvuta kidogo tiki ikavuka ikaingia kisanduku cha jirani. Nikaogopa, nikakunja, nikatumbukiza. Mpaka sasa sijui nimemchagua nani.

Kidole Cheusi

Huenda hukumchagua yeyote, hiyo inaweza kuhesabiwa imeharibika. Ungeirudisha kwa msimamizi kabla ya kuitumbukiza. Sehemu nyingi wanakupa nyingine, ile mbovu wanaiweka pembeni.

Tiki Imevuka

Nirudi mezani niseme nimeshindwa kuweka tiki? Mbele ya yule wa kizibao?

Herufi Mbaya

Hahaha, angekuita babu.

Kijana Bado

Jamani turudi kwenye mada. Nina miaka 39. Mvi tatu. Mbele ya foleni nzima.

Wa Mwisho

Hiyo kamba ilikuwa na urefu gani lakini?

Tiki Imevuka

Haifiki dhiraa.

Nyayo Zinauma

Yetu kamba ndefu, kalamu ndiyo haikuwepo. Kamba tupu inaning'inia.

Kijana Bado

Hivi kuna anayenisoma?

Mkia wa Foleni

Baba, hilo lifungulie uzi wake. Hapa tunaongelea kalamu.