Chekechea ya wazazi wenyewe huku Dodoma, watoto wanacheza tu. Inafaa kweli?

MamaJunior_Nzuguni
Habari za jioni wadau. Naombeni mawazo yenu maana nyumbani kwangu limeshakuwa bunge.

Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Huku Nzuguni kuna wazazi wameungana wakaanzisha kachekechea kao kwenye nyumba ya mmoja wao, wameajiri mwalimu mmoja na dada msaidizi, halafu wazazi wenyewe wanashika zamu, kila siku wawili wanakuwepo asubuhi mpaka saa sita. Nikaenda kuangalia. Hakuna madawati, hakuna a e i o u ubaoni, watoto wamejaa mchanga mpaka kwenye nywele, wengine wanajipikilisha na vifuu, wengine wana duka la makopo matupu na hela yao ni vizibo vya soda. Junior alikataa kuondoka, nilimbeba analia.

Sasa baba yake anasema kama ni kucheza si acheze hapa uani bure, ada ya nini. Mama mkwe naye kila siku ananitolea mfano mtoto wa jirani, anafuatwa na gari la shule alfajiri, anaandika mpaka hamsini na Kiingereza anaongea. Na mie kazini kwangu ni Mtumba, natoka na daladala asubuhi narudi jioni, hiyo zamu naishikaje? Halafu wakati wa usaili wa la kwanza kwenye hizi shule za Kiingereza si ataumbuka jamani?

Mkazi_wa_Ilazo
Mama Junior pole na bunge. Wangu wa pili alipitia kikundi kama hicho, sasa hivi yuko la pili na anasoma vizuri tu, hakuna aliyemcheka.

Hiyo ya zamu usiogope ila usiidharau, maana bila zamu hiyo sio chekechea ya wazazi tena, inakuwa deikea ya kawaida yenye mwalimu mmoja aliyezidiwa. Kwetu waliokuwa maofisini waliruhusiwa kutuma mtu wa nyumbani, bibi, babu, shangazi, ila dada wa kazi hapana, walikataa kabisa. Wengine zamu yao ilikuwa jumamosi, kuosha vifaa, kurekebisha bembea, kwenda soko la Majengo kununua uwele na karanga za uji.

Kuna bibi mmoja alikuja badala ya mkwewe, mgogo haswa, akaja na ungo na uwele kidogo. Hakusema kitu, akakaa chini akaanza kupepeta. Mnajua upepo wa huku mwezi wa saba, makapi yakawa yanaruka, watoto wote wakaacha walichokuwa wanafanya wakamzunguka, kila mmoja anataka ungo. Mwalimu akatulia tu. Mpaka wanaondoka wanajua ukigeukia upande wa upepo makapi yanakurudia usoni.

Kilichotutesa sisi ni maji. Watoto wanapenda mabeseni na vikombe vya kumimina, na sie mtaani maji ni ya mgao. Tukakubaliana beseni moja kwa siku, likichafuka linaenda kwenye miti.

BabaMapacha
Mnapamba sana nyie. Mie yamenikuta, kikundi chetu kilikufa na sio kwa sababu ya michezo, michezo ilikuwa safi, kilikufa kwa sababu ya wazazi. Kuna watu wanatega zamu, siku yake ikifika anatuma meseji saa moja na nusu eti mgeni amefika ghafla, faini halipi, ukimuuliza ananuna. Halafu kuna mama yeye akija zamu kazi yake ni kumlinda mwanae, mtoto akinyang'anywa kigari tu kashanyanyuka, anamgombeza mtoto wa mwenzie, jioni kesi iko kwenye grupu la WhatsApp na mwishowe waume wanaitana. Watoto wenyewe walishasahau kitambo wanacheza pamoja.

Kwa hiyo dada kabla hujatoa hela omba katiba yao uisome, iwe kama ya vikoba, nani anashika hela, asiyekuja zamu inakuwaje, mtoto akiumia inakuwaje.

ticha_awali
BabaMapacha ameongea ukweli mtupu. Mie nafundisha awali shule ya serikali, ngoja niongeze.

Wazazi wengi wanadhani kucheza ni kupoteza muda kabla ya kusoma. Hata mtaala wa awali wa Taasisi ya Elimu unatutaka tufundishe kwa michezo, na tuna kona za ujifunzaji darasani, yaani pembe zenye vitu vya kuchezea na kujifunzia, sema ukiwa na watoto wengi na uko peke yako zinabaki mapambo ukutani. Hapo ndo hao wazazi wa zamu wana faida, mikono inaongezeka.

Lile duka uliloliona usilichukulie poa. Mtoto anauza ndizi ya udongo kwa vizibo vitatu, mteja katoa vitano, muuzaji anafikiria weee anarudisha viwili. Hiyo ni kutoa, na ameielewa. Huyo wa jirani anayeandika mpaka hamsini mwambie akuletee mawe saba uone kama atasimama kwenye saba au ataendelea kuokota. Na kufinyanga udongo kunakomaza vidole, penseli haitamsumbua baadaye. La kwanza anaingia na miaka 6, muda upo.

Usaili mara nyingi wanaangalia jina lake, rangi, kuhesabu vitu, kufuata maelekezo, kutokumlilia mama. Mwaka wa mwisho kabla ya la kwanza mpeleke awali ya kawaida kama una wasiwasi, za serikali ada hamna tangu 2016.

Siku ya zamu yako kaa chini kimo chao, tazama, uliza kaswali kamoja. Usimmalizie kazi yake. Mnara ukianguka uache uanguke.

Msomi_wa_Makulu
Na sio kitu kipya. Marekani wake wa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Chicago walianza hivyo 1916, na New Zealand vituo vyao vya Playcentre vilianza 1941 waume wakiwa vitani, kina mama wakasaidiana. Ila kule New Zealand mzazi anapewa mafunzo kwanza, huji tu na kanga yako ukasimama mlangoni. Hao wa Nzuguni wanawafundisha wazazi?

Afisa_mstaafu
Mbona hakuna aliyeuliza usajili? Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, waanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa jiji. Atakagua vyoo, maji, uzio, walezi. Kuwa nyumbani kwa mtu sio kinga. Na muulize nani anawapeleka watoto chooni siku za zamu. Mtu mzima mmoja asijifungie na mtoto, awe mzazi wa nani, awe mlokole wa wapi.

MamaJunior_Nzuguni
Asanteni sana, hilo la choo halikunijia kabisa. Nimemuonyesha baba Junior kasema za jumamosi atashika yeye. Mama mkwe kaniuliza huo ungo yule bibi alikuja nao ni wa saizi gani, kwa hiyo nadhani analegea 😂 Usajili nitauliza jumatatu. Ada ni 40,000 kwa mwezi na uji juu.

BabaMapacha
Uliza na faini ya kutega zamu ni sh ngapi na mara ya mwisho alilipa nani. Wakianza kutazamana, rudi na mwanao.