Naomba ushauri: niliwafundisha watoto asili ya wimbo, sasa nina shaka nayo

Mwalimu wa Ijumaa

Wanajukwaa, habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila Ijumaa hutenga nusu saa kuwasimulia wanafunzi wangu asili ya misemo, nyimbo na maneno wanayoyasikia kila siku. Wiki iliyopita niliwaeleza kwamba wimbo wa Kiingereza uitwao "Ring a Ring o' Roses", ambao watoto huuimba wakizunguka huku wameshikana mikono na mwishowe kujiangusha chini, ulitokana na tauni ya London ya mwaka 1665: waridi ni vipele, chafya ni dalili ya ugonjwa, na kuanguka ni kufa. Msichana mmoja mtulivu akaniuliza, "Mwalimu, nani aliyeandika hivyo wakati ule?" Sikuwa na jibu, na swali lake halijaniacha hadi leo.

Naombeni mnisaidie kujua namna ya kutambua simulizi lenye ushahidi, na namna ya kuwarudia watoto ambao tayari wameniamini. Nilikuwa nimeandaa pia asili ya "OK", ya mchezo wa Jenga na ya wimbo "Mbube", lakini sasa nasita.

Mhariri Mstaafu

Mwalimu, mwanafunzi wako ameanzia pale pale wanapoanzia watafiti wa maneno: neno au wimbo umeonekana wapi kwa mara ya kwanza katika maandishi, na maelezo yake yametokea lini? Wimbo huo ulichapwa kwa Kiingereza mwaka 1881, katika kitabu cha watoto cha Kate Greenaway, miaka 216 baada ya tauni hiyo. Katika toleo lile hakuna chafya hata moja. Watoto wanaambiwa wanyamaze, kisha wote wanaanguka. Samuel Pepys, aliyeishi London wakati wa tauni na kuandika shajara yake karibu kila siku, hautaji. Alama kubwa ya ugonjwa wenyewe ilikuwa mitoki kwenye kinena na makwapa, wala si kupiga chafya. Maelezo ya kuuhusisha wimbo na tauni yalienea katikati ya karne ya 20, baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kwa uzoefu wangu wa miaka mingi ya kusahihisha miswada, simulizi ambalo kila kipande chake kinakaa mahali pake bila kusaza chochote ndilo linalostahili kuchunguzwa kwanza, kwa sababu mara nyingi limetungwa baadaye ili likidhi wimbo ambao tayari upo.

Mpenda Kamusi

Namuunga mkono Mzee Mhariri, ila nakuomba usiiache "OK", kwa kuwa ushahidi wake ni imara. Ilichapwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, wakati waandishi wa mji huo walipokuwa na mtindo wa kufupisha maneno waliyoyaharibu tahajia kwa makusudi. "All correct" ikaandikwa "oll korrect". Mwaka uliofuata wafuasi wa Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, wakaitumia katika kampeni kwa maana ya "Old Kinderhook", na ndipo ikaenea. Aliyeyafukua haya kutoka magazetini katika miaka ya 1960 ni Allen Walker Read.

Jenga ni rahisi, kwani aliyeubuni mchezo, Leslie Scott, anajulikana, aliuanzisha sokoni mwaka 1983, na ameeleza mwenyewe kwamba jina ni kitenzi chetu cha kujenga. Kuhusu "Mbube" usiharakishe. Solomon Linda aliurekodi Johannesburg mwaka 1939 kwa Kizulu. Wamarekani waliosikiliza sahani ile walisikia "wimoweh" pale palipoimbwa "uyimbube", yaani "wewe ni simba", na kosa hilo la sikio likazunguka dunia nzima. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu. Watoto wanastahili kulisikia jina lake.

Mama wa Watatu

Mwalimu, mimi natofautiana kidogo na waliotangulia. Simulizi la tauni usilifute ubaoni. Waambie wazi kwamba uliliamini, kisha waulize kwa nini watu wazima wa karne ya 20 walipenda kuona kifo ndani ya mchezo wa watoto, maana hiyo nayo ni historia. Wanangu huniamini zaidi ninapokiri kosa mapema. Pia wape neno lililo mdomoni mwao: "kitabu" tulilichukua kutoka Kiarabu likiwa na "ki" yake kama sehemu ya shina, sisi tukaisikia kama kiambishi cha ngeli, na ndiyo maana leo tunasema "vitabu".

Mwalimu wa Ijumaa

Nawashukuru sana. Ijumaa hii nitaanza kwa kulirudia swali la msichana yule mbele ya darasa zima, niandike 1665 na 1881 ubaoni, na kuwaacha watoe hesabu wenyewe kabla sijasema neno. "Mbube" nitautengea kipindi kizima. Mzee Mhariri, naomba ruhusa ya kuwasomea maneno yako kuhusu chafya.

Mhariri Mstaafu

Ruhusa unayo, Mwalimu. Mfikishie salamu zangu msichana huyo.