Sauti ya santuri za Vitaphone haikai sawa na picha: inarekebishwaje?

MkandaMkuukuu

Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua kazi hii. Nina filamu fupi mbili za Warner Bros. za mwaka 1929, kila moja rili moja (gurudumu moja la mkanda), zimeshageuzwa kuwa faili za dijitali. Sauti zake zimetolewa kwenye santuri za Vitaphone, ule mfumo wa zamani wa kucheza sauti ya filamu kwenye santuri sambamba na projekta, nazo ziko kwenye faili za peke yake. Mradi nimeuweka kwenye fremu 23.976 kwa sekunde.

Filamu ya kwanza: mwanzoni midomo inaendana kabisa na maneno. Kadiri inavyosonga, sauti inaitangulia picha kidogo kidogo, na mwisho wa rili tofauti imefika kama fremu 16.

Filamu ya pili ina tatizo hilohilo, na juu yake katikati ya wimbo sauti inabaki nyuma ghafla kwa fremu 9 na hairudi mahali pake. Nimeshauriwa niikate sauti vipande vipande na kukisogeza kila kipande mpaka kikae. Ndiyo njia? Na kwa nini picha ya filamu ya pili inaonekana kama imepunguzwa upande wa kushoto?

FundiSanturi

Usikate chochote bado. Ukianza kukata, unafuta ushahidi wa kosa lenyewe, na baada ya hapo hutajua tena kipi kilikuwa kosa la santuri na kipi la mkanda.

Kwanza elewa mtambo ulivyokuwa. Projekta na meza ya santuri viliendeshwa na mota moja. Mkanda ulikwenda futi 90 kwa dakika, yaani fremu 24 kamili kwa sekunde, na santuri ya inchi 16 ilizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Rili ya futi 1,000 ina fremu 16,000, kwa hiyo inamalizika kwa dakika 11 na sekunde 7 hivi, na upande mmoja wa santuri ulitengenezwa kutosha muda huo. Mzunguko mmoja wa santuri ni sekunde 1.8, sawa na fremu 43.2 za picha. Namba hiyo ya 43 ishike vizuri, utaihitaji.

Makosa ya kupishana yako ya aina tatu, na kila moja lina sura yake:

Tofauti ikiwa ileile mwanzo hadi mwisho, umekosea mahali pa kuanzia. Mkanda ulikuwa na fremu yenye neno START, na santuri ilichorwa mshale karibu na mfuo wa kwanza (mfuo ni mtaro mwembamba unaopitwa na sindano). Mwendesha projekta aliweka fremu ile kwenye lango la picha na sindano kwenye mshale, ndipo akawasha mota. Nakala nyingi zimepoteza fremu ile, basi tafuta kishindo cha kwanza kinachoonekana, kama mlango kufungwa au kofi la kwanza la ngoma, uoanishe hapo.

Tofauti ikikua polepole, hilo ni kosa la kasi. Lako limejitaja lenyewe: 23.976. Tofauti yake na 24 ni sehemu moja tu kati ya elfu, lakini kwenye fremu 16,000 inatoa fremu 16. Badilisha mradi uwe 24 kamili, kisha iamuru programu isome faili ya picha kama 24 bila kuongeza wala kupunguza fremu. Hii ni hatua muhimu, kwa sababu programu nyingi zitajaribu kukusaidia kwa kurudufu fremu moja kila baada ya fremu elfu, na hapo umejiletea kosa jipya. Anayefanya kazi kwenye 25 ataliona tatizo kubwa zaidi: rili nzima inaisha kwa sekunde 640, na sauti inaachwa nyuma kwa karibu sekunde 27.

Tofauti ikija ghafla, kuna kitu kimekatika au kimeruka. Hesabu fremu. Ikiwa ni 43 au 86, sindano iliruka mfuo mmoja au miwili wakati wa kunakili santuri. Ikiwa ni namba nyingine yoyote, kama 9 yako, mkanda ulikatika na kuungwa, na fremu zikapotea. Picha imerukia mbele, sauti haikupoteza kitu, ndiyo maana unaisikia ikiwa nyuma.

RiliYaTatu

Nakubaliana na yote, ila naongeza jambo la upimaji. Hata baada ya kuweka 24, usidhani kasi ya santuri ilikuwa sahihi wakati wa kunakiliwa. Chagua vishindo viwili, kimoja dakika ya kwanza na kingine karibu na mwisho, pasipo kiungo cha mkanda katikati. Hesabu fremu kati yake, gawa kwa 24. Tuseme ni fremu 14,400, basi ni sekunde 600. Kama kwenye sauti umbali huohuo ni sekunde 597, gramofoni ilikimbia kwa nusu asilimia. Zidisha urefu wa sauti kwa 600/597.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatumia kifaa cha kurefusha sauti huku kikiilinda isibadilike unene. Usifanye hivyo. Santuri ikizunguka haraka, muda unafupika na sauti inapanda, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo virudishe pamoja. Ukirefusha muda peke yake, waimbaji wote wanabaki na sauti nyembamba kuliko walivyorekodiwa, na matari na matoazi yanakuwa na ukungu.

Sauti ikiyumba juu na chini kila baada ya sekunde 1.8, si mota. Tundu la santuri haliko katikati ya mifuo. Hilo halitibiki vizuri kwenye programu. Santuri inakiliwe upya, iwekwe kwa kufuata mifuo na si tundu.

FundiSanturi

Kuhusu fremu 9 zilizopotea: ongeza fremu 9 nyeusi palepale kwenye kiungo. Ndivyo kumbi za sinema zilivyoagizwa wakati ule. Mkanda ukichanika, mwendesha projekta hakuruhusiwa kuunga tu. Alitakiwa kurudisha idadi ileile ya fremu kwa kipande cheusi, la sivyo rili nzima iliyobaki ilikwenda vibaya. Wapo waliopuuza, na huenda nakala yako ilipita mikononi mwa mmoja wao.

KioChaFedha

Hapo kwenye fremu nyeusi nina maoni tofauti kidogo. Kwa faili ya kuhifadhi, weka nyeusi, ili atakayekuja baadaye na nakala nzuri zaidi aone pengo liko wapi. Kwa faili ya kutazama, rudia fremu ya mwisho kabla ya kiungo. Fremu 9 nyeusi ni zaidi ya theluthi ya sekunde, na katikati ya wimbo jicho linaumia. Ila usipunguze sauti hata kidogo ili kuficha pengo. Santuri ndiyo kipimo, picha ndiyo inayofuata.

Sababu ya kushikilia hivyo iko kwenye namna walivyorekodi. Sauti ilichongwa moja kwa moja kwenye nta. Ukipitisha sindano kusikiliza nta ile umeiharibu, na kuikata kisha kuiunga haiwezekani. Kwa hiyo wimbo mzima ulirekodiwa kwa mfululizo, kamera kadhaa zikizunguka kwa wakati mmoja, kila moja ndani ya kibanda cha kuzuia kelele zake zisifike kwenye maikrofoni. Mhariri alibadilisha kutoka kamera hadi kamera, lakini jumla ya fremu ilibaki sawa na santuri. Maana yake kwako: ndani ya wimbo mmoja, ukioanisha sehemu moja, mikato yote mingine inakaa yenyewe. Mkato mmoja ukipinda peke yake, kosa liko kwenye nakala ya mkanda. Ndiyo maana ushauri wa kusogeza kipande kwa kipande ni mbaya hasa kwa filamu hizi.

Kuhusu picha kukatwa kushoto: nakala yako ya pili inatokana na mkanda wenye sauti pembeni. Filamu za santuri zilitumia upana wote wa fremu, uwiano wa 1.33 kwa 1. Warner Bros. waliposhikilia santuri, Fox walikuwa wanachapa sauti kwenye mkanda wenyewe, na mstari huo wa sauti ulikula upande wa kushoto wa picha, ikabaki karibu mraba, takriban 1.19. Filamu ya santuri ilipochapwa upya kwenye mkanda wa sauti, upande ule ulipotea. Dalili ni maandishi ya mwanzo kutokaa katikati. Hakuna tiba isipokuwa kupata nakala ya fremu nzima. Usivute picha ijaze, utawanenepesha watu.

MkandaMkuukuu

Asanteni sana. Kwa 24 kamili filamu ya kwanza imekaa. Swali moja: kuna santuri ya tatu haijanakiliwa. Kitu gani cha kuangalia kabla ya kuiweka sindano?

RiliYaTatu

Mambo ni mengi, nataja yanayoua santuri kwanza.

Santuri hii ni ya shelaki, aina ya utomvu mgumu. Usiisafishe kwa alkoholi, inayeyusha shelaki yenyewe. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke na tone la sabuni laini, brashi ifuate mifuo, kausha mara moja na usiloweshe lebo. Lebo ina namba ya santuri, namba ya rili, na visanduku vya kutia alama kila ilipochezwa. Kikomo kilikuwa mara 20, kisha itupwe. Ukiwa na nakala mbili, anza na yenye alama chache.

Sindano ya santuri za kisasa za plastiki haifai. Ncha yake ni ndogo mno, inazama chini ya mfuo na kukwaruza uchafu. Tumia ncha ya mifuo mipana, kati ya mikroni 65 na 75, ujaribu zaidi ya moja, kwa sababu kila ncha inagusa sehemu tofauti ya ukuta wa mfuo na kuna inayokwepa palipolika.

Inchi 16 ni sentimita 40.6, kwa hiyo gramofoni ya kawaida haitoshi. Inahitajika yenye mkono mrefu. Isiwe ya kujizima yenyewe. Santuri hizi zinaanza ndani karibu na lebo na kwenda nje, na mtambo wa kujizima unaweza kuona sindano iko karibu na katikati ukadhani wimbo umekwisha, ukainua mkono. Kuanzia ndani kulikuwa na faida: sindano za chuma zilikuwa za kutumia upande mmoja tu. Zikiwa kali zilipita ndani ambako mfuo unakwenda polepole na mawimbi yamebanana, zikichoka ziko nje ambako mawimbi yametanuka.

Nakili bila marekebisho ya RIAA, yaani kanuni ya kusawazisha besi na sauti za juu za santuri. Kanuni hiyo ni ya miaka ya 1950, ukiitumia hapa sauti itakuwa nzito na iliyozibwa. Chukua ishara tupu, besi na sauti za juu uzirekebishe baadaye. Kelele za mkwaruzo ziache mpaka uoanishaji umekwisha, kwani programu ya kuondoa mikwaruzo mara nyingi hufuta na vile vishindo unavyovihitaji kupimia.

KioChaFedha

Hata kama picha ya santuri hiyo ya tatu haipo, inakili. Filamu ya rangi Gold Diggers of Broadway ya mwaka 1929 imepotea kwa sehemu kubwa, kimebaki kipande cha mwishoni na vijisehemu, lakini santuri zake zote zipo na inasikika kuanzia mwanzo. Andika kwenye jina la faili namba ya lebo na namba iliyochongwa karibu na lebo. Santuri nyingi zimekutanishwa na picha zake kwa namba hizo tu.