Tupeane uzoefu: Avengers: Doomsday inakaribia, unatumaini nini na unahofia nini?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu.

Tarehe 18 Desemba 2026, siku ya kutoka hii muvi mpya ya mashujaa wa Marvel, ndiyo hiyo, na mwenzenu moyo haujatulia. Naomba tupeane uzoefu. Ni muvi gani ya mashujaa kuungana iliwahi kukugusa au kukuvunja moyo, na kwa sababu hiyo hii mpya unaingojea na matumaini gani na hofu gani? Tetesi zilizovuja tuziache. Nataka yaliyokupata wewe mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kiti unatazama.

Naanza mimi. Avengers: Endgame ilipoisha mwaka 2019 sikutoka ukumbini. Majina yakawa yanapita, nami nasubiri kile kipande cha mwisho ambacho Marvel walishatuzoesha. Hakikuwepo. Mwisho kabisa ikasikika nyundo inagonga chuma, mlio uleule wa Tony Stark, yaani Iron Man, pangoni akijitengenezea vazi lake la kwanza mwaka 2008. Picha hakuna, ni mlio tu. Kwenye mazishi yake nilikuwa nimejikaza, ila pale machozi yalinishinda. Niliona wameheshimu safari yote ya yule mtu, wamemuaga kwa sauti ya kazi ya mikono yake.

Sasa Julai 2024, jukwaani San Diego, Robert Downey Jr., yuleyule aliyemwigiza Tony, anavua kinyago na tunaambiwa huyu ndiye Doctor Doom, adui wa muvi hii mpya. Nilipiga kelele mbele ya simu kama wengine wote. Usiku ndipo hofu ikaingia. Uwezo wake sina shaka nao hata kidogo. Ninachohofia ni ile sura kugeuzwa njia ya mkato: mashujaa wamwone Doom, waduwae kwa sababu anafanana na Tony, watazamaji tulie, halafu basi. Hapo kifo cha Tony kitakuwa kimegeuzwa tangazo la biashara.

Tumaini langu linatoka palepale kwenye hofu. Doom naye ni mtu aliyejifungia ndani ya chuma alichokiunda kwa akili yake. Tony alipovaa chuma ndipo alipojifunza kujitoa kwa ajili ya wengine. Doom anakivaa ili asionekane na mtu. Joe na Anthony Russo, waongozaji wa hii mpya, wakilishika hilo, ile sura moja itakuwa na kazi ya kweli, na mimi nitaingia ukumbini nimetulia. Hawa ndio walioongoza Infinity War na Endgame, kwa hiyo nina imani nao.

Karibuni.

Msomaji wa Vibonzo

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi Doom nimekua naye kwenye kurasa, kwa hiyo nitasema kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Stan Lee na Jack Kirby walimleta mwaka 1962, kwenye toleo la 5 la vibonzo vya Fantastic Four. Wengi wanamjua kama mtawala wa Latveria, nchi ya kubuni, mwenye kinyago na joho la kijani anayejiona bora kuliko viumbe wote. Ni kweli ndivyo alivyo. Ila kilichonifunga kwake ni habari ya mama yake. Mama huyo alikuwa mchawi, akafa, na roho yake ikawa mikononi mwa shetani Mephisto. Kila mwaka, usiku mmoja maalumu, Doom anapigana kumkomboa na kila mwaka anashindwa.

Mwaka 1989 kilitoka kitabu ambamo Doctor Strange, shujaa mwenye uchawi, anakwenda naye kuzimu. Kule Doom anajifanya kumuuza Strange ili apewe roho ya mama. Mama anaona, anachukia ubaya wa mwanawe, anaikataa zawadi hiyo, na kule kukataa kwake ndiko kunakomsafisha na kumweka huru. Doom alilijua hilo tangu mwanzo. Alikubali mama yake aondoke akiwa anamchukia, ilimradi awe huru. Nilikifunga kile kitabu nikakaa nacho mapajani muda mrefu. Huyu ni adui mkuu wa hadithi, na nilikuwa namwonea huruma kuliko stelingi.

Kwenye sinema mpaka leo hajatendewa haki. Mwaka 2005 walimfanya tajiri wa makampuni ambaye mwili wake unageuka chuma. Mwaka 2015 walimtupa kwenye ulimwengu mwingine wakamrudisha karibu na mwisho, akapigwa haraka, tukarudi nyumbani. Kwa hiyo tumaini langu ni moja: hadithi iwe yake. Infinity War ya 2018 ilikuwa na mashujaa wengi kupita kiasi, na bado ilishikamana, kwa sababu adui wao Thanos ndiye aliyekuwa na safari na wengine wote walikuwa wanamkimbiza. Doom akipewa nafasi hiyo, hata wawe mashujaa hamsini hawatatupoteza. Akifanywa mtu wa kutokea na kupiga watu tu, hakuna jina kubwa litakaloiokoa.

Na kinyago kisivuliwe kila dakika kumi. Najua wamelipia sura. Kisivuliwe.

Mama wa Mapacha

Kaka hapo juu nakuelewa, ila mimi natazama na watoto, na hofu yangu iko kwingine.

Machi 2025 walipotangaza waigizaji kwa kuonyesha viti, tuliacha lile tangazo likienda huku tunafanya mambo mengine. Kiti kinatokea, jina linasomwa, kinasogea kingine. Lilichukua zaidi ya saa 5 na majina yakawa 27. Wanangu walikuwa wanapiga makofi kwa kila jina wanalolijua. Ila nilihesabu nyuso zao pia: majina mengi waliyapita kimya, wakinitazama niwaeleze ni nani.

Hilo limenikumbusha The Marvels ya 2023. Mmoja wa wale mashujaa watatu habari yake ilianzia kwenye tamthilia moja, mwingine kwenye tamthilia nyingine, na sisi hatukuwa tumetazama hata moja. Binti yangu aliniuliza "mama, huyu nani?" mpaka akachoka, akalala. Mtoto kulala katikati ya muvi ya mashujaa, mimi iliniuma. Halafu 2025 tukatazama ile mpya ya Fantastic Four, ikawa tofauti kabisa. Imejisimamia katika ulimwengu wake, ndani ya dakika chache unajua nani ni nani na nani anampenda nani. Watoto walitoka wanagombania nani awe Sue, yule shujaa wa kike.

Naomba hii kubwa iwe hivyo. Aliyetazama vyote apate vyake, na mtoto anayeingia kwa mara ya kwanza naye asiachwe mlangoni. Na Shuri, dada wa Black Panther, apewe la kusema. Baada ya Chadwick Boseman, aliyekuwa Black Panther, kufariki Agosti 2020, wanangu walimfuata Shuri, wakamwona kwenye Wakanda Forever akichoma nguo zake nyeupe za msiba pale ufukweni. Akirudi awe mtu kamili, asiwe wa kubonyeza kompyuta nyuma ya wenzake.

Popo Mweusi

Mimi natoka upande wa pili, wa Justice League, kikosi cha akina Superman, na uzoefu wangu ni mchungu.

Muvi ya kuungana kwa mashujaa wetu tuliingojea miaka. Mwongozaji Zack Snyder akaiacha kazi mwaka 2017 baada ya msiba wa familia, Joss Whedon akaletwa kumalizia, sehemu nyingi zikapigwa upya. Novemba ikatoka, saa 2 tu. Dakika ya kwanza kabisa Superman anaongea na watoto, na mdomo wake wa juu haukai sawa. Henry Cavill alikuwa na masharubu ya muvi nyingine aliyofungwa nayo mkataba, ikabidi yafutwe kwa kompyuta. Sikusikia tena alichokuwa anasema. Nilikuwa natazama ule mdomo tu, na ndani nasema hawa watu wana haraka na kitu nilichokipenda tangu utotoni.

Machi 2021 likatoka toleo la Snyder, saa 4. Ndipo nilipomwona Cyborg kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwepo tangu 2017. Kuna sehemu anamwona mama mmoja mhudumu aliyeelemewa na maisha, na yeye kwa akili yake ya mashine anaweza kuingia kwenye mifumo ya benki yote duniani. Anamwekea yule mama fedha, kisha anamtazama akifurahi bila kujua zimetoka wapi. Hakuna ngumi hata moja. Na ndiyo sehemu iliyonifanya nimjue. Ile ndiyo waliyoikata.

Kwa hiyo Doomsday ilipoahirishwa kutoka Mei 2026 ikapelekwa Desemba, marafiki walikasirika, mimi nilishukuru. Wachukue muda. Hofu yangu ni mkasi. Mtu anakaa ofisini anasema ni ndefu mno, punguzeni, na kinachokatwa siku zote ni yale matulivu. Mapigano hayakatwi. Endgame ilikuwa dakika 181 na sikuona mtu akilalamika.

Mwanzisha mada

Popo Mweusi, karibu sana, na pole. Hilo la matulivu kukatwa sikuwa nimelifikiria. Nikikumbuka Avengers ya 2012, walichoungania si wageni kutoka angani. Ni wakala Coulson kufa, na bosi wake Fury kuwatupia mezani zile kadi za Captain America zenye damu. Baadaye unagundua kadi hazikuwa mfukoni mwa marehemu, Fury ndiye aliyezipaka damu. Dakika chache za mezani, na ndizo zilizobeba vita nzima.

Fundi Sauti

Mimi nitasema la muziki tu. Alan Silvestri alipoandika ule wimbo wa Avengers ya 2012, kamera ikawazunguka wote sita pale New York wakiwa wamepeana migongo, mwili ulinisisimka. Miaka 7 baadaye, kwenye Endgame, Cap, yaani Captain America, amesimama peke yake, ngao imevunjika, anakaza mkanda mkononi. Kisha sauti ya rafiki yake Sam sikioni mwake. Muziki unaanza chini sana, unapanda polepole kadiri milango ya mwanga inavyofunguka, na wimbo wenyewe unazuiwa mpaka Cap atamke lile neno la kuwakusanya wote. Tulilipwa subira ya miaka. Muvi nyingi za sasa zinacheza muziki mkubwa kila baada ya dakika tano, na hakuna kinachobaki kwa ajili ya siku yenyewe. Naomba wajue kunyamaza.

Jicho Moja

Wakuu, mimi ni mtu wa X-Men tangu 2000, na humu naona tumesahaulika kidogo.

Wengi hawajui kwa nini ilichukua muda hivi. Haki za sinema za X-Men na Fantastic Four zilikuwa kwa Fox, ndiyo maana hawakuwahi kukanyaga sehemu moja na Avengers mpaka Disney ilipokamilisha kuinunua Fox Machi 2019. Kwa hiyo sisi tumengoja ukumbi tofauti, tukisikia sherehe upande wa pili wa ukuta.

Shujaa wangu ni Cyclops. Mwaka 2006 walimuua mapema mno, tena nje ya picha. Hatukuona chochote. Wolverine anakuta miwani yake inaelea hewani pale ziwani, hadithi inaendelea. Kiongozi wa kikosi, mtu aliyempenda mwenzao Jean kuliko wote, akaachiwa miwani. Nilikuwa kijana mdogo na nilijisikia kudharauliwa mimi. Nilipoliona jina la James Marsden, mwigizaji wake, kwenye kile kiti, nilisimama.

Hofu yangu ni kwamba wataletwa ili tupige makofi, kisha wafe ili tujue Doom ni hatari. Patrick Stewart na Ian McKellen, wakongwe wa X-Men, wamefika umri ambao hii yaweza kuwa mara ya mwisho kuwaona pamoja. Wasitumike hivyo. Inawezekana kumrudisha mtu kwa heshima, tumeona Desemba 2021 kwenye Spider-Man. Andrew Garfield, Spider-Man wa zamani, alirudi, na msichana MJ alipoanguka akamrukia akamdaka, kisha sura yake ikavunjika, kwa sababu mwaka 2014 alishindwa kumdaka mpenzi wake Gwen. Sekunde chache zikaponya kidonda cha miaka 7. Cyclops nampa ombi moja tu: awaongoze watu vitani, atoe amri, na zifuatwe.

Mkereketwa

Natofautiana na mwanzisha mada. Tony alikufa na amebaki amekufa, hakuna wa kumfuta. Downey ni mwigizaji, apewe nafasi ya kazi mpya. Ninachokihofia mimi ni Steve Rogers, yule Captain America wa mwanzo. Alimpa Sam ngao, na Sam amepitia mengi mpaka watu wamkubali. Steve akirudi halafu Sam akasogezwa pembeni kwenye picha, nitaumia kweli.

Mwanzisha mada

Hapo kwa Sam niko na wewe mia kwa mia. La Tony nakuachia wewe na imani yako, mimi bado nina ule mlio wa nyundo masikioni.

Mgeni wa Titan

Nimesoma yote nimepata hamu upya. Mimi niliishia Endgame, nikaona mambo yamekuwa mengi nikaacha. Kama nataka kuingia Desemba nikiwa naelewa, bila kutazama kila kitu, nianzie wapi?

Msomaji wa Vibonzo

Ndugu, usijitese. Tazama Loki misimu yote miwili, ule mwisho wa 2023 ni muhimu na ni mzuri mno. Kisha Wakanda Forever, Thunderbolts* ya Mei 2025, na Fantastic Four ya Julai 2025. Hizo mbili za mwisho usiinuke majina yanapoanza kupita, subiri mpaka mwisho. Ukipata muda ongeza ile X-Men ya pili ya 2003, tazama Nightcrawler anavyoingia Ikulu ya Marekani dakika za mwanzo. Inatosha.

Mgeni wa Titan

Shukrani mkuu. Naanza na Loki leo, nikimaliza nitarudi hapa kuandika hofu zangu.